Mtoto wa Mlowezi na Binti wa Mumbi: Kumbukumbu za Utoto katika Nchi ya Wakikuyu

Utangulizi

Mwaka 1959 ulikuwa mzito katika historia ya Kenya. Tarehe 3 Machi ya mwaka huo wafungwa 11 wa kambi ya Hola walipigwa na walinzi wao hadi wakafa, kisa wamekataa kufanya kazi ya kulazimishwa, na habari ya vifo vyao ikalitikisa Bunge la Uingereza. Mwaka huohuo kilitoka kitabu cha Elspeth Huxley kiitwacho The Flame Trees of Thika. Ni kumbukumbu za utoto wake katika shamba la kahawa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Kitabu kilipendwa mno Ulaya na Marekani, na mwaka 1981 kikafanywa mchezo wa televisheni wa sehemu saba nchini Uingereza.

Miaka 10 baada ya kitabu hicho, yaani mwaka 1969, East African Publishing House ya Nairobi ilitoa kitabu kingine cha utoto, Daughter of Mumbi. Mwandishi wake, Charity Wanjiku Waciuma, alikwisha kujulikana kwa hadithi za watoto na vijana alizozijenga juu ya masimulizi ya Kikikuyu. Naye pia alisimulia habari za msichana aliyekulia katika nchi ya Wakikuyu, ila yeye alizaliwa mwaka 1936, na nchi aliyoikuta ilikuwa imekwisha kugawanywa.

Makala haya yanaviweka vitabu hivyo viwili pamoja. Hoja yake ni kwamba jicho la mtoto katika maandishi ya namna hii haliwezi kuchukuliwa kuwa ushahidi usio na upande. Mtoto huona, lakini mtu mzima ndiye achaguaye yale yatakayoonwa na yale yatakayoachwa. Ubora wa kitabu cha Huxley haukanushiki. Swali ni kile ambacho ubora huo unakifunika, na sababu ya msomaji wa Afrika Mashariki kuhitaji kitabu cha pili ili akisome vema kile cha kwanza.

Mlowezi, setla na mtangulizi

Kabla ya kuvigusa vitabu vyenyewe, yafaa kuyatazama maneno. Kiswahili kina neno mlowezi, litokalo katika kitenzi lowea, yaani kukaa mahali pa ugenini muda mrefu hata mtu akapazoea na kuwa kama mwenyeji. Neno hili lina ungamo ndani yake: kwamba mahali pale palikuwa pa ugeni, na kwamba wenyeji walikuwapo. Nchini Kenya neno lililoenea zaidi ni setla. Hilo lilikopwa pamoja na mambo yaliyoandamana nalo: kodi ya kibanda, kipande, nyapara na skwota.

Neno ambalo Waingereza na Wamarekani hulitumia kwa kujivunia wazee wao walioingia nchi mpya lina maana ya mtangulizi. Asili yake ni ya kijeshi. Lilitoka Ufaransa, na lilimtaja askari wa miguu aliyetangulia kufyeka na kuchimba njia ili jeshi lipite. Baadaye maana ile ya vita ilisahauliwa, ikabaki sifa ya ushujaa na subira tu. Hivyo lugha moja inamwita mtu huyohuyo mgeni aliyekaa, na nyingine inamwita aliyetangulia. Tofauti kati ya vitabu viwili vinavyojadiliwa hapa imo tayari katika tofauti ya maneno hayo.

Shamba la Thika

Elspeth Grant, ambaye baadaye aliolewa na Gervas Huxley, alizaliwa London tarehe 23 Julai 1907. Wazazi wake, Josceline na Nellie Grant, walikuwa watu wa ukoo wenye jina lakini fedha zao zilikuwa zimekwisha kupungua. Walikwenda Afrika Mashariki mwishoni mwa mwaka 1912 kutafuta bahati katika kahawa. Katika kitabu wanaitwa Robin na Tilly. Kwa mujibu wa masimulizi yake, Robin aliinunua ardhi ya Thika, ekari 500, katika baa ya hoteli ya Norfolk mjini Nairobi, naye hakuwa amelima hata jembe moja la kahawa maishani mwake.

Kisa hicho kinachekesha, na kimeandikwa ili kichekeshe. Lakini kina jambo ambalo kicheko hukipita haraka. Wanaouziana ni wageni wawili, tena mezani pa vinywaji. Mwenyeji wa Thika hayupo, wala hakuitwa. Uwezo wa kuuziana namna hiyo ulitokana na sheria ya ardhi ya mwaka 1902, iliyoipa serikali ya Kiingereza mamlaka ya kuuza na kukodisha ardhi iliyohesabiwa kuwa ya Mfalme. Sheria ya mwaka 1915 iliwaongezea walowezi muda wa kukodi ukawa miaka 999. Mwaka 1921 Mahakama Kuu, katika hukumu ya Jaji Mkuu Barth, ilitamka kwamba Waafrika walikuwa wapangaji wa Mfalme kwa hiari yake tu, hata katika ardhi waliyoirithi kwa babu zao.

Wakikuyu walikuwa na taratibu zao. Ardhi, yaani gĩthaka, ilikuwa ya mbari, na mtu asiye wa mbari aliweza kukaribishwa kulima akaitwa mũhoi, bila kupata haki ya kuimiliki. Ndiyo maana wazee wengi walimwona Mzungu wa kwanza kuwa mũhoi wa namna mpya: mgeni aliyeomba mahali pa kulima, ambaye siku moja angeondoka. Zaidi ya hayo, sehemu za kusini za nchi hiyo zilikuwa zimepungukiwa watu kwa njaa kubwa ya miaka ya 1898 na 1899, iliyofuatana na ndui pamoja na maradhi ya mifugo. Walionusurika walikimbilia kwa jamaa zao kaskazini wakingoja kurejea. Mlowezi aliyefika miaka michache baadaye aliona magugu akadhani nchi haina mwenyewe.

Hayo ndiyo mazingira ya shamba la Thika. Ndani yake Huxley anamweka mtoto mwenye macho makali: farasi mdogo Moyale, paa mdogo Twinkle, vinyonga, nyumba ya nyasi, na miti inayochanua maua mekundu kama moto ambayo mama aliitaka kandokando ya njia. Wapo pia Wakikuyu wenye majina na tabia zao, kama vile Njombo, na Kupanya aliye mkuu wa eneo. Sura zinazosimulia jinsi Njombo anavyodhoofika kwa kuamini amelogwa zinaonyesha utaratibu mzima wa sheria na hofu ambao wazazi wa mtoto hawauelewi vizuri. Huxley hakuwachora Waafrika kama vivuli, na katika hilo aliwazidi wengi wa wakati wake.

Jicho la mtoto na kalamu ya mtu mzima

Hata hivyo kitabu hiki si shajara ya mtoto. Kiliandikwa na mwanamke aliyepita umri wa miaka 50. Kinaanza kwa safari ya gari la maksai kutoka Nairobi kwenda Thika, mtoto akiwa juu ya mizigo pamoja na mama yake. Katika maisha halisi Elspeth alibaki Uingereza wazazi walipotangulia, naye akawafuata Desemba 1913. Mandhari ile mashuhuri ya kufika kwanza si kumbukumbu yake mwenyewe, bali ni ya wazazi wake, iliyovikwa macho ya binti. Hilo si kosa katika sanaa. Waandishi wengi wa habari za maisha hufanya vivyo. Lakini linathibitisha kwamba mtoto wa kitabuni ni kiumbe cha mwandishi.

Na mwandishi huyo alijua mambo mengi. Mwaka 1935 alichapisha mabuku mawili ya White Man's Country, historia ya Lord Delamere na ya kuanzishwa kwa koloni, kitabu kilichoitetea haki ya walowezi. Kisha alihudhuria madarasa ya Bronislaw Malinowski katika London School of Economics, ambako Jomo Kenyatta naye alikuwa mwanafunzi. Kenyatta alitoa Facing Mount Kenya mwaka 1938. Mwaka uliofuata Huxley alitoa riwaya Red Strangers, inayosimulia vizazi vya familia ya Kikikuyu tangu kabla ya kuja kwa Wazungu hadi miaka ya 1930. Aliiandika baada ya kukaa na kuulizia habari katika nchi ya Wakikuyu. Shirika la Macmillan lilipomtaka apunguze habari za tohara ya wasichana alikataa, na riwaya ikachapishwa na Chatto and Windus.

Kwa hiyo mwaka 1939 Huxley alikwisha kuonyesha kwamba aliweza kuitazama nchi ileile kutoka upande wa wenyeji, na kwamba kwao mlowezi alikuwa mgeni wa ajabu aliyevuruga hesabu ya deni, mali na haki. Miaka 20 baadaye, Hali ya Hatari ikiwa haijaondolewa, alirudi nyuma akachagua macho ya msichana wa miaka sita. Uchaguzi huo ulimpa uhuru mkubwa. Mtoto haulizwi juu ya hati ya ardhi. Mtoto hapangi mishahara wala hatozi kodi. Yale ambayo mtu mzima angelazimika kuyaeleza, mtoto anaruhusiwa kuyaona tu na kuendelea na farasi wake.

Mfano mmoja ni kahawa yenyewe. Ndani ya kitabu kahawa ni jambo la matumaini na la mikosi: miche, mvua, wadudu, deni. Hakuna nafasi ya kueleza kwamba kwa miongo mingi wakulima wa Kikikuyu walizuiwa kupanda kahawa ya arabika katika ardhi yao wenyewe, na kwamba mlango ulifunguliwa kwa upana baada ya mpango wa kilimo wa Swynnerton wa mwaka 1954 tu. Mfano wa pili ni vita. Kitabu kinakwisha wakati Vita Kuu imewatawanya majirani na mtoto anaiacha Thika. Kwa wenyeji vita hiyo ilikuwa na jina jingine, kariakoo, yaani kikosi cha wapagazi. Zaidi ya wapagazi 40,000 waliotoka Kenya walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam bado zinalibeba jina hilo.

Kiswahili cha shambani

Msomaji wa Kiswahili atapata katika kitabu cha Huxley ushahidi wa aina nyingine, ulio wa lugha. Maneno kama shamba, shauri, bwana na toto yamo katika mazungumzo ya kila siku. Ndiyo lugha iliyokuja kuitwa Kisetla: Kiswahili kilichopunguzwa upatanisho wa ngeli na minyambuliko, kikabaki na amri nyingi kuliko maswali. Neno toto, lililokatwa kiambishi chake, lilimtaja mtoto wa Kiafrika aliyetumwa jikoni au malishoni.

Lugha hiyo ilipata hata kitabu chake cha mafunzo. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alitoa Up-Country Swahili, mazoezi aliyoyaandikia, kwa tamko la jalada lenyewe, askari, setla, mchimba madini, mfanyabiashara na wake zao. Orodha hiyo peke yake ni historia fupi ya koloni. Yafaa kukumbuka kwamba wafanyakazi wa Kikikuyu nao hawakuzaliwa na Kiswahili. Mwajiri na mwajiriwa walikutana katika lugha ya tatu ambayo hakuna kati yao aliyekuwa nayo nyumbani, na waliitumia katika kazi tu. Mambo ambayo Njombo na wenzake waliyasema kwa Kikikuyu jioni, mbali na nyumba ya Mzungu, hayakupita katika chujio hilo. Hapo ndipo mpaka halisi wa jicho la mtoto wa mlowezi: aliona mengi, lakini alisikia kiasi.

Binti wa Mumbi

Jina la kitabu cha Waciuma linaanzia mahali ambapo kitabu cha Huxley hakiwezi kuanzia. Mumbi ndiye mama wa taifa katika masimulizi ya Wakikuyu, mke wa Gĩkũyũ, ambao makao yao ya kwanza hutajwa kuwa Mũkũrwe wa Nyagathanga, Murang'a. Mabinti zao ndio asili ya koo, na Wanjiku, jina la pili la mwandishi, ni jina la mmoja wao. Mtu anayejiita binti wa Mumbi hasimulii kufika. Anasimulia kuwapo.

Waciuma hakuandika kwa kuyatukuza mambo ya kale tu. Msichana wa kitabu chake anatoka katika familia ya Kikristo, naye amesimama katikati ya misheni na mila. Taratibu za kuwapa watoto majina zinamfunga kwa babu na bibi. Elimu ya shule inamvuta upande mwingine. Wasichana wa familia kama hiyo, ambao wazazi wao walikataa wasitahiriwe, walidhihakiwa na wenzao wa rika. Jambo hilo lilikuwa na mizizi katika mgogoro wa mwaka 1929, misheni zilipopiga marufuku tohara ya wasichana na maelfu ya waumini wakazihama, na shule za kujitegemea zikaenea. Kwa maana hiyo naye alikuwa mtangulizi: kizazi chake cha wasichana waliosoma ndicho kilichofyeka njia isiyokuwapo, ndani ya nchi yao wenyewe.

Kisha ikaja Hali ya Hatari. Ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, mwandishi akiwa kijana wa miaka 16 hivi. Kati ya mwaka 1954 na 1955 zaidi ya watu milioni 1 walihamishwa kwa nguvu kutoka katika nyumba zao zilizotawanyika vilimani, wakakusanywa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa mahandaki na kulindwa. Waciuma anaionyesha hofu ya wakati huo kutoka ndani ya familia, mahali ambapo jirani aliweza kumwogopa jirani, na msituni na kituoni palikuwa na hatari sawa. Mtoto wake haruhusiwi kupita na kuendelea na mchezo. Siasa inaingia mpaka jikoni.

Ni jambo la kuzingatiwa kwamba mwandishi huyu alianza na vitabu vya watoto. Mweru, the Ostrich Girl na The Golden Feather vilitoka mwaka 1966, mwaka mmoja tu baada ya East African Publishing House kuanzishwa. Yeye na Grace Ogot ni miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Kenya kuchapisha vitabu kwa Kiingereza. Shule za nchi huru zilihitaji vitabu ambavyo ndani yake mtoto wa Kiafrika si toto wa mtu mwingine. Ngũgĩ wa Thiong'o aliiendeleza kazi hiyo katika miaka ya 1980 kwa hadithi za Njamba Nene, alizoziandikia watoto kwa Kikikuyu na kuziweka katika wakati wa mapambano.

Mfano kutoka Marekani

Suala hili si la Kenya peke yake. Mwandishi wa watoto anayejulikana zaidi duniani kwa habari za utoto wa walowezi ni Laura Ingalls Wilder, aliyezaliwa Wisconsin mwaka 1867 na kufa mwaka 1957. Kitabu chake Little House on the Prairie cha mwaka 1935 kinahusu makazi ya familia yake huko Kansas karibu na mwaka 1870. Ardhi ile ilikuwa bado ya Waosage, na familia ya Ingalls ilijenga humo bila haki ya kisheria.

Toleo la kwanza lilikuwa na sentensi iliyoieleza nchi ile kuwa haina watu, ila Wahindi Wekundu tu. Msomaji mmoja alipolalamika, mwandishi alikubali, na toleo la mwaka 1953 likabadilisha neno moja: mahali pa watu pakawekwa walowezi. Mwaka 2018 chama cha wakutubi wa watoto cha Marekani kiliondoa jina la Wilder katika tuzo yake iliyotolewa kwanza mwaka 1954. Vitabu havikupigwa marufuku, vinaendelea kusomwa. Kilichobadilika ni kwamba sasa ni vigumu zaidi kuvisoma pasipo kuwafikiria Waosage.

Huxley hakuandika sentensi kama ile, na wenyeji wamejaa katika kurasa zake. Lakini neno moja la Wilder linafundisha namna ya kusoma. Ukiwaita walowezi watu, wengine wote wanakuwa mandhari. Ukiwaita walowezi, inabidi uulize walilowea kwa nani.

Hitimisho

Familia ya Grant iliuacha mkoa wa Thika mwanzoni mwa miaka ya 1920 ikahamia Njoro. Nellie aliishi huko hadi mwaka 1965, miaka miwili baada ya uhuru, ndipo akaenda kumalizia maisha yake Ureno. Elspeth alifariki Uingereza mwezi Januari 1997. Kitabu chake kitabaki miongoni mwa maandishi bora ya Kiingereza juu ya Afrika Mashariki, na mwanahistoria atakitumia kwa faida: kina ushahidi wa kazi, wa madeni, wa lugha na wa hofu za walowezi wenyewe.

Hata hivyo kukifundisha peke yake ni kumwachia mtoto mmoja aiseme nchi nzima. Mwanafunzi anayesoma The Flame Trees of Thika pamoja na Daughter of Mumbi anapata kitu ambacho hakuna kati ya vitabu hivyo kinachokitoa kikiwa peke yake. Anaona kwamba vitoto viwili vya nchi moja viliachwa na watu wazima viushike mwisho tofauti wa kamba moja: mmoja alipewa ardhi kabla hajajua jina lake, na mwingine alipewa jina la mama wa ardhi hiyo huku akihamishwa kutoka juu yake. Idara za Kiswahili zina kazi ya ziada hapa. Vitabu vyote viwili vimeandikwa kwa Kiingereza, ilhali maneno yanayoeleza vizuri zaidi uhusiano wa watu waliomo, yaani mwenyeji, mgeni na mlowezi, ni ya Kiswahili. Tafsiri ya vitabu vyote viwili, vikisomwa darasa moja, ingemlazimisha mfasiri aamue kila mara ni nani aitwe nani. Uamuzi huo ndio mwanzo wa historia.